Roerich wa Urusi, wa New York au wa Himalaya? Ulinganisho kwa mnunuzi wa mandhari ya ishara mnadani

Ukifungua katalogi ya mnada kutafuta mandhari ya ishara ya Kirusi, yaani picha ambamo mlima, jiwe au jahazi limewekwa liseme jambo kubwa kuliko sura yake, hutachelewa kukutana na jina la Nicholas Roerich. Alizaliwa St Petersburg mwaka 1874, akafia Naggar, bonde la Kullu, kaskazini mwa India, mwaka 1947. Kazi zake hukadiriwa kuwa karibu 7,000, na ndiyo maana bado zinaingia sokoni. Mandhari kubwa za Isaac Levitan, au za Arkhip Kuindzhi aliyemfundisha Roerich, zimekwisha kuingia makumbusho na hazitoki. Kinachobaki mnadani ni michoro midogo, na mingi kati ya hiyo ina maswali.

Shida ni kwamba jina hilo moja limefunika bidhaa tatu. Roerich wa 1905, wa 1922 na wa 1936 wanatofautiana kwa rangi, kwa kitu kilichochorewa, kwa njia iliyoileta picha sokoni na kwa hatari anayoibeba mnunuzi. Hapa tunawalinganisha hao watatu, kisha tunawapitia kwa kifupi wenzake wawili wa darasa la Kuindzhi, Arkady Rylov na Konstantin Bogaevsky, ambao wanaweza kumfaa mtu anayetaka roho ileile bila kulipia jina. Msimamo wetu ni huu: kati ya turubai kubwa la kabla ya 1917 lenye hati za umiliki pungufu, na kadibodi ndogo ya Himalaya yenye uso mzima na orodha ya wamiliki isiyokatika, chukua kadibodi. Sababu zinafuata.

Kwa nini rangi ni jambo la kwanza

Mwaka 1880 Kuindzhi alionyesha picha moja tu mjini St Petersburg, usiku wa mbalamwezi juu ya mto Dnieper, chumba kikiwa na giza na taa ikielekezwa kwenye turubai. Watu walipanga foleni. Lakini rangi alizotumia hazikutulia. Zilianza kuwa nyeusi mapema, na leo tunachokiona ni kivuli cha mwanga ule. Wanafunzi wake waliijua habari hiyo. Roerich alianza kwa rangi ya mafuta kama wenzake, ila kufikia katikati ya miaka ya 1900 alikuwa anahamia kwenye tempera, yaani rangi ya unga iliyofungwa kwa gundi ya maji au yai, kwa kuwa hakuyaamini mafuta: yanageuka manjano, yanakuwa meusi. Tangu hapo sehemu kubwa ya kazi zake ni tempera juu ya turubai au kadibodi, bila vanishi.

Kwa mnunuzi maana yake ni hii. Uso wa Roerich halisi wa baada ya hapo ni mkavu, hauna mng'aro, karibu kama chaki. Ukiona Roerich wa 1930 anang'aa, usikimbilie kusema ni bandia, lakini ujue kuna mtu amemfanyia jambo: amepaka vanishi, au amepiga nta nyuma ya turubai. Yote mawili ni hasara ambayo fundi hawezi kuirudisha nyuma kikamilifu. Vanishi huingia ndani ya tempera kavu badala ya kukaa juu yake. Bluu nyepesi inazama, waridi ya theluji inakuwa kahawia, na ukijaribu kuitoa vanishi rangi inatoka nayo. Nta ilikuwa dawa ya kawaida ya karne ya 20 kwa turubai lililolegea: turubai jipya linabandikwa nyuma kwa nta na utomvu wa moto. Kwa picha ya mafuta iliyo imara madhara yake huvumilika. Kwa tempera, nta hupenya hadi mbele na picha nzima inashuka mwanga daraja moja au mawili. Kwa hiyo swali la kwanza la kumwandikia dalali kabla ya mnada, hata kabla ya kuuliza bei, ni kama turubai limewahi kubandikwa jingine nyuma, na kwa gundi gani.

Roerich wa kabla ya 1917

Huyu ndiye Roerich wa mawe, majahazi ya Wavarangi, wale mabaharia wa kale wa Skandinavia, ngome na makanisa meupe ya Pskov na Novgorod. Picha yake ya "Wageni kutoka ng'ambo", ya mwaka 1901, iko jumba la sanaa la Tretyakov mjini Moscow, na toleo jingine la somo hilohilo liko Jumba la Makumbusho la Urusi, St Petersburg. Kwa hiyo kurudiwa kwa somo si dalili ya kughushi. Alikuwa na desturi ya kurudia. Kuanzia 1912 ishara zinakuwa nzito: mawingu yanayopigana juu ya vibanda vidogo, mji uliozungukwa na nyoka, malaika juu ya moto. Hizi za 1912 hadi 1914 ndizo wanaozijua hugombania, kwa sababu watu walizisoma baadaye kama utabiri wa vita.

Ubora wa kundi hili hauna mjadala. Mjadala uko kwenye njia ya kufika sokoni. Sheria za Urusi zinabana vikali utokaji wa sanaa ya umri huu, kwa hiyo picha iliyoko London au New York inapaswa kuwa na maelezo ya lini na vipi ilitoka. Njia safi zinajulikana, na hazizidi chache. Ya kwanza ni maonyesho ya St. Louis, Marekani, mwaka 1904: zaidi ya kazi 600 za wachoraji wa Urusi zilipelekwa kule, zikakwama kwa deni na forodha, zikauzwa hukohuko bila wenyewe kulipwa. Michoro ya Roerich ya majengo ya kale ilikuwemo, na sehemu kubwa ya shehena ile ilinunuliwa na Frank Havens, mfanyabiashara wa ardhi wa Piedmont, California. Kwa hiyo Roerich wa 1903 kutoka nyumba ya kawaida ya California si jambo la kushangaza hata kidogo. Ni moja ya historia za kuaminika zaidi. Ya pili ni maonyesho ya Malmö, Sweden, mwaka 1914, ambako vita vilipoanza picha za Warusi zilibaki. Ya tatu ni miaka ya 1916 hadi 1919, Roerich mwenyewe akiwa Finland na kuonyesha kazi Skandinavia.

Picha isiyoingia kwenye njia yoyote kati ya hizo inaweza bado kuwa halali, ila mzigo wa kuthibitisha ni wa muuzaji. "Mkusanyaji binafsi, Ulaya" si historia ya umiliki. Ni nafasi tupu iliyoandikwa maneno.

Kundi hili lina faida moja kwa mkaguzi: umri wake unapimika. Nyeupe ya titani haikuwa kwenye maduka ya wachoraji kabla ya takribani 1920. Bluu ya fithalosianini iliingia sokoni mwaka 1935. Ikionekana yoyote kati ya hizo kwenye picha iliyoandikwa 1908, ama kuna marekebisho ya baadaye ama picha si ya 1908. Tofauti ni mahali: kama iko kwenye kiraka kilichofunika ufa, ni marekebisho, kama iko kwenye anga lote hadi chini ya saini, umepata jibu. Kifaa cha mkononi cha eksirei huona titani mara moja, lakini fithalosianini huhitaji kipimo cha Raman, kinachotumia mwanga wa leza, kwa sababu shaba iliyomo inaweza kuchanganywa na ya rangi nyingine. Maandishi ya nyuma nayo yanasaidia. Urusi ilibadilisha tahajia mwaka 1918. Kabla ya hapo jina linaloishia na konsonanti, Roerich likiwemo, lilimalizikia na herufi ъ. Maandishi ya "1906" yasiyo na herufi hiyo yameandikwa baadaye, au na mtu aliyezaliwa baadaye. Kinyume chake hakithibitishi kitu: wahamiaji wengi waliendelea na tahajia ya zamani kwa miaka mingi.

Usiitegemee sana saini. Monogramu ya Roerich, Н na Р zilizounganishwa, mtoto wa shule anaweza kuiiga kwa dakika tano.

Roerich wa New York, 1920 hadi 1935

Aliingia Marekani mwaka 1920, akachora korongo na majangwa ya kusini magharibi, kisha mawimbi ya kisiwa cha Monhegan, Maine, na mfululizo wa watakatifu wa Kirusi wakifanya kazi zao katikati ya mandhari iliyotulia kabisa. Jumba la makumbusho la jina lake lilifunguliwa mwaka 1923, na mwaka 1929 likahamia kwenye ghorofa refu la Riverside Drive, na takribani picha elfu moja ndani yake. Mwaka 1935 mfadhili mkuu, Louis Horch, alikata uhusiano na familia, na picha zikabaki mikononi mwake. Kuanzia hapo zilitawanyika: nyingine kwa vyuo vikuu, nyingine kwa watu binafsi, nyingine kwenye minada midogo ambako watu hawakujua wanauza nini. Makumbusho ya leo, kwenye mtaa wa 107 Magharibi, yalianza upya mwaka 1949 na ni taasisi tofauti, yenye picha karibu 200.

Ugomvi ule mchungu ulimwachia mnunuzi karatasi nyingi. Picha zilizopita kwenye makumbusho ya kwanza zilikuwa zimeorodheshwa, zimepigwa namba na kubandikwa lebo nyuma. Lebo ya makumbusho, au ya Corona Mundi, kituo cha sanaa alichokianzisha mwaka 1922, pamoja na namba inayolingana na orodha iliyochapishwa wakati huo, ni ushahidi bora kuliko cheti chochote kilichoandikwa juzi.

Kundi hili ndilo lililoweka bei ya juu kabisa. Juni 2013, Bonhams mjini London waliuza Madonna Laboris, ya mwaka 1931, kwa pauni 7,881,250 pamoja na ada. Inafaa kuiangalia kwa karibu, maana inaonyesha soko linalipia nini. Ngome ya peponi imesimama juu ya miamba ya bluu. Petro analinda lango na hajaelewa roho hizi zinaingiaje wakati yeye hajamfungulia mtu. Upande wa pili wa ukuta Bikira Maria ameteremsha kitambaa chake cheupe, na roho zinapanda kwa kitambaa hicho kimyakimya. Mandhari ni ya Himalaya, hadithi ni ya Kikristo, historia ya umiliki inaanzia makumbusho ya New York. Picha ya mlima mtupu ya ukubwa uleule, mwaka uleule, haifiki hata karibu na hapo. Roerich akiwa na hadithi ni soko jingine kabisa.

Hadithi hiyo itafute ndani ya picha, si kwenye kichwa chake. Katalogi hupenda kuongeza "Njia ya kwenda Shambhala", ile nchi takatifu ya hadithi za Kibuddha, kwenye mlima wowote wenye kijia. Kama kichwa hakimo kwenye orodha za mchoraji mwenyewe wala nyuma ya picha, kimetungwa na muuzaji. Mpanda farasi, Maitreya, Buddha ajaye, aliyechongwa kwenye mwamba, nyota inayowaka peke yake juu ya kilele: hivyo huonekana kwa macho, na huongeza bei kwa haki.

Roerich wa Himalaya, 1924 hadi 1947

Safari ya Asia ya Kati ilichukua miaka ya 1925 hadi 1928. Baada yake familia ilikaa Naggar. Hapo ndipo kundi kubwa kuliko yote lilipozaliwa: michoro ya milima juu ya kadibodi, mingi ikiwa takribani sm 30 kwa sm 46, ya tempera. Turubai kubwa zipo pia, kama zile za sm 91 kwa sm 152, lakini mnunuzi wa kawaida atakutana na kadibodi.

Ukiinamisha kadibodi nzuri chini ya taa ya pembeni, utaona kwanza rangi ya kadibodi yenyewe, kahawia au kijivu, imeachwa wazi kati ya tabaka za vilima. Ndiyo inayofanya kazi ya ukungu. Ukingo wa mlima umekatwa kwa mpigo mmoja wa brashi, bila kusitasita na bila kurudiwa. Theluji si nyeupe: ni zambarau hafifu upande mmoja, waridi au limau upande mwingine, na nyeupe kamili ikiwapo imewekwa mahali pamoja au pawili tu. Waigaji hushindwa hapo hasa. Hujaza uso wote kwa rangi, huogopa kuacha wazi, na huweka nyeupe kila kilele.

Hatari ya kundi hili ni ya kuchosha kuliko kutisha. Michoro mingi haina saini, na mingi iliitwa tu "Himalaya" kwenye orodha, kwa hiyo kuilinganisha picha na namba yake si rahisi. Namba iliyoandikwa nyuma ndiyo uti wa mgongo. Kadibodi iliyobandikwa kwenye plywood ili isikunjike imepoteza namba hiyo, na thamani imeshuka nayo, hata kama mbele inapendeza. Usinunue ya namna hiyo kwa bei ya iliyo wazi nyuma.

Vipimo vya rangi havikusaidii sana hapa, kwa sababu nyeupe ya titani ilikuwepo na fithalosianini ikaja katikati. Kinachosaidia ni taa ya urujuanimno. Karatasi na vitambaa vya baada ya takribani 1950 huwa na ving'arishi vinavyowaka bluu-nyeupe chini ya taa hiyo. Roerich alikufa 1947. Kadibodi inayowaka hivyo haikuwa mezani kwake.

Kuna mtego wa kisheria ambao wanunuzi wengi huujua wakiwa wameshalipa. India imemweka Roerich kwenye orodha ya wasanii tisa ambao kazi zao ni hazina ya taifa, chini ya sheria ya mambo ya kale ya 1972. Kazi yake iliyoko India inaweza kuuzwa na kununuliwa India, lakini haiwezi kutoka. Kwa hiyo Roerich anayeuzwa Mumbai na Roerich anayeuzwa London si washindani wa bei. Wa kwanza ni wa mtu mwenye nyumba India. Na ukiona kadibodi London yenye historia inayoishia Bangalore miaka ya 1990, uliza ilitokaje. Jibu la mdomo halitoshi.

Usimchanganye pia na mwanawe Svetoslav, aliyechora Himalaya hizohizo na kuishi Bangalore hadi 1993. Rangi zake huwa kali zaidi, mikunjo ya milima laini zaidi. Ni mchoraji mzuri kwa haki yake, lakini bei ni nyingine.

Rylov na Bogaevsky

Wote wawili walikaa darasa moja na Roerich kwa Kuindzhi, mwalimu aliyeondolewa Akademia ya Sanaa ya St Petersburg mwaka 1897 kwa kuwaunga mkono wanafunzi waliogoma.

Rylov (1870 hadi 1939) ni wa upepo na ndege. Picha yake ya mabata maji meupe juu ya bahari ya bluu, ya mwaka 1918, iko Tretyakov na kila mtoto wa shule wa Urusi anaijua. Alichora kwa mafuta, uso wake huvumilia vanishi, na ishara yake ni nyepesi: ukitaka picha ya sebuleni isiyodai maelezo, ni chaguo zuri. Udhaifu ni kwamba michoro yake midogo ya msituni haina ishara yoyote. Ni miti. Usilipe bei ya ishara kwa miti.

Bogaevsky (1872 hadi 1943) angestahili ukurasa mzima. Alizaliwa Feodosia, Crimea, akafa hapohapo kwa bomu, na maisha yake yote alichora nchi moja, ile miamba mikavu ya mashariki mwa Crimea, akiigeuza ulimwengu wa kale usio na watu, na jua kubwa linaloning'inia juu ya ngome zilizokufa. Kwa uzito wa ishara hazidiwi na Roerich. Rangi zake za maji na chapa zake za mawe za miaka ya 1920 hupatikana kwa sehemu ndogo ya bei ya Roerich. Ila sasa kuna jambo la lazima kuliangalia. Kazi zake nyingi ziko kwenye makumbusho ya Crimea, na Novemba 2022 makumbusho ya sanaa ya Kherson, kusini mwa Ukraine, yaliporwa na mkusanyiko wake ukapelekwa Simferopol, Crimea. Picha ya Bogaevsky isiyokuwa na ushahidi wa kuwa nje ya eneo hilo kabla ya 2014, Urusi ilipoitwaa Crimea, tunashauri iachwe, hata kama bei inavutia. Hasa kama bei inavutia.

Utata huo umemfikia hata mwalimu wao. Kuindzhi alizaliwa Mariupol, na mwaka 2023 jumba la makumbusho la Metropolitan la New York lilibadilisha maelezo yake kutoka Mrusi kuwa Mukreni. Ukitafuta kwenye tovuti za minada, tafuta chini ya vichwa vyote viwili.

Onyo moja la soko zima

Mwaka 2004 Sotheby's waliiondoa mnadani dakika za mwisho picha ya "Ivan Shishkin", mchoraji wa misitu, iliyokadiriwa hadi pauni 700,000. Ilikuwa imenunuliwa Stockholm mwaka mmoja nyuma kama kazi ya Mholanzi Marinus Koekkoek, ambavyo ndivyo ilivyokuwa. Mtu alifuta wachungaji na kondoo, akaongeza saini, akaiita ya Kirusi. Mbinu hiyo hupita vipimo vingi kwa urahisi, maana turubai ni la karne ya 19 kweli na rangi pia. Huipati kwa kupima umri, unaipata kwa kutafuta picha hiyohiyo kwenye minada ya miaka mitano au kumi iliyopita chini ya jina jingine, na kwa kukagua kwa taa ya urujuanimno kama saini inaelea juu ya vanishi ya zamani. Roerich hufanyiwa hivyo mara chache, kwa kuwa mtindo wake haufanani na wa Mholanzi yeyote. Rylov wa miaka ya mwanzo yuko hatarini zaidi.

Hesabu ya kulipa

Makadirio ya katalogi hayana ada ndani yake. Chukua mfano wa nyundo, yaani bei ya mwisho inayotangazwa ukumbini, kuanguka kwenye pauni 40,000 London, ada ya mnunuzi ikiwa 27%. Ada ni 10,800. VAT ya 20% juu ya ada ni 2,160. Umefika 52,960. Kama picha ina alama ya kwamba imeingizwa Uingereza kwa ajili ya mnada, kuna 5% ya bei ya nyundo, yaani 2,000; jumla 54,960. Kabla ya fremu, bima na usafiri, umezidi bei ya nyundo kwa zaidi ya theluthi. Anayeipeleka picha nje ya Uingereza anaweza kurudishiwa VAT hizo akionyesha hati za usafirishaji ndani ya muda uliowekwa, na kwa kawaida akitumia msafirishaji aliyekubaliwa na nyumba ya mnada. Ukiichukua mwenyewe kwenye begi, mara nyingi umeupoteza ule urejesho.

Haki ya mchoraji ya kulipwa picha inapouzwa tena hudumu miaka 70 baada ya kifo, kwa hiyo Roerich mkubwa, Rylov na Bogaevsky hawana malipo hayo tena. Kwa Svetoslav, uliza.

Tangu Sotheby's, Christie's na Bonhams walipofuta minada yao ya Kirusi ya Juni 2022, picha hizi hujitokeza kwenye minada mchanganyiko: ya Ulaya ya karne ya 19, ya sanaa ya Asia Kusini, ya mtandaoni. Huko wakaguzi ni wachache na maelezo ni mafupi. Bei inaweza kuwa nafuu, lakini kazi ya ukaguzi imehamia kwako.

Nani achukue ipi

Mwenye mfuko mdogo anayetaka ishara nzito: Bogaevsky wa karatasi, mwenye historia ya Ulaya Magharibi au Marekani ya kabla ya 2014. Mwenye mfuko wa kati: kadibodi moja ya Himalaya ya miaka ya 1930, mgongo wazi, namba inasomeka, pembe nne nzima, haijapakwa vanishi; ikiwa na umbo la mtu au nyota, bora zaidi, lakini usiitoe kafara hali ya uso kwa ajili ya umbo. Mwenye mfuko mkubwa anayenunua kwa ajili ya watoto wake: picha yenye hadithi iliyopita makumbusho ya New York kabla ya 1935. Turubai la kabla ya 1917 tunamwachia mtu mwenye mshauri wa kulipwa, mwenye subira ya kusubiri matokeo ya maabara, na mwenye uwezo wa kuondoka bila kununua.

Kwa msomaji atakayeitundika Mombasa, Dar es Salaam au Muscat, hali ya hewa inabadilisha hesabu. Tempera isiyo na vanishi na kadibodi vyote hunywa unyevu. Vinahitaji 45% hadi 55%, bila kupanda na kushuka. Kwenye unyevu wa pwani, ukungu mweusi huanzia kwenye gundi ya nyuma na huonekana mbele ukiwa umechelewa. Kioo cha kuzuia urujuanimno ni lazima, kikiwa mbali na uso kwa angalau mm 5, kwa sababu tempera ikigusa kioo chenye unyevu hubaki imenata. Nyuma ya fremu weka ubao usio na asidi na kitenga unyevu, na usiitundike kwenye ukuta wa nje wala chini ya mdomo wa kiyoyozi. Chumba kikiwa hakina kiyoyozi cha kudumu, chukua Rylov wa mafuta. Na vumbi likikaa kwenye Roerich, usimruhusu mtu amguse kwa kitambaa, hata kikavu: rangi itatoka nacho. Brashi laini ya manyoya ya mbuzi, na mkono wa fundi wa picha, ndivyo vinavyoruhusiwa.